Hesabu Mpaka Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya kustaafu. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nikaoga, nikavaa, nikafika mlangoni na mkoba begani. Mzee akaniuliza kutoka kitandani, "Unakwenda wapi, bibie?" Nikasema naangalia mvua. Ilikuwa inanyesha kweli, kwa hiyo si uongo.

Kiwandani wamenizawadia saa ya ukutani. Daftari hili nimejizawadia mwenyewe. Ni la kuandikia simu zinazoingia: safu ya tarehe, safu ya saa, safu ya maelezo. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye swichibodi ya kiwanda cha magodoro, laini tatu za nje na ofisi arobaini za ndani, nikiunganisha watu wanaotafutana. Sasa nitaandika ya kwangu, mistari ikitosha.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nimefua mapazia. Hayakukauka.

Jumanne, 11 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi simu ya sebuleni imelia. Nilikuwa na vibanio vya nguo mdomoni, nikasema "haloo" kama mtu anayetafuna. Mrithi wangu angenicheka. Ni yule binti niliyemfundisha wiki mbili kabla sijaondoka, na kila siku nilimwambia kwamba sauti ndiyo nguo ya mpokea simu.

Hakuna aliyejibu. Na si kimya cha laini iliyokufa, hicho nakijua. Hiki kilikuwa na mtu ndani yake, nilisikia pumzi. Baada ya muda kama wa kufunga kamba za viatu, akakata. Ikalia tena. Vilevile.

Nimeandika kwenye safu ya maelezo: Hakusema.

Siku hizi namba yetu haina mpigaji. Ndugu wote wanampigia mzee kwenye simu yake ya mkononi, ile anayoitunza kwenye mfuko wa shati kama dawa ya moyo. Ameshaniambia mara nyingi tuikate hii ya nyumbani, tunalipia pambo. Nakataa, nasema nimeizoea. Sababu yenyewe sijamwambia. Hii ni namba ambayo binti yetu anaijua kwa kichwa. Nilimfundisha kwa wimbo akiwa na miaka minne, ili siku akipotea amtajie mtu mzima yeyote. Ni miaka sita sasa tangu aondoke hapa.

Jumatano, 12 Machi

Jua. Hakuna aliyepiga.

Ijumaa, 14 Machi

Imenyesha usiku kucha. Saa mbili na nusu simu ikalia, mzee akaniwahi. "Haloo? Haloo! Nani mwenzangu?" Akaweka mkono wa simu chini. "Wamekosea namba." Ikalia tena, akaipokea na kuikata bila hata kuiweka sikioni, kisha akarudi kwenye chai yake. Nilimwonea hasira ambayo sikuwa na haki nayo. Yeye angejuaje?

Jumatano, 19 Machi

Mvua, na leo nimesema naye. Nilikaa karibu na simu tangu saa mbili. Ilipolia nikasema harakaharaka, maana najua hakai: "Baba yako amenunua miwani mipya. Mapazia ni yale yale." Akakata. Ikalia, nikasema, "Nimestaafu." Akakata. Anapiga siku za mvua tu. Nadhani mvua inamkumbusha. Aliondoka siku ya mvua.

Sasa niandike, maana sijawahi kuandika popote.

Kulikuwa na fundi wa majokofu aliyempenda. Sikumtaka. Hakuwa na kosa ila mikono yenye grisi na kiatu kilichochanika, na mimi nilikuwa na ndoto zangu. Alikuwa akipiga kila jioni saa kumi na mbili, na mpokea simu wa nyumba hii nilikuwa mimi. "Hayupo," nikamwambia. Binti yuko chumbani anasuka nywele, mlango umerudishwa, mimi nasema hayupo. Mara tisa. Mara ya tisa yule fundi akasema kwa adabu zote, "Basi naomba umpe ujumbe, mama. Nimepata kazi mbali. Naondoka Jumamosi saa moja asubuhi. Nitamsubiri kituoni."

Nikauandika. Mazoea ya kazi yana nguvu kuliko mtu. Niliuandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini, siku, saa, mahali, nikaukunja na kuutia kwenye pochi. Haukutoka humo mpaka wiki mbili baadaye, binti alipofungua pochi yangu kutafuta chenji ya mkate.

Hakupiga kelele. Alikishika kile kikaratasi akasema, "Mama, umewaunganisha watu wote wa mji huu. Ni mimi tu uliyenikata." Akaondoka na begi moja. Tangu siku hiyo jina lake halijatoka mdomoni mwangu ndani ya nyumba hii. Mzee naye hakulitaja. Nilimwona mtu mgumu, asiye na moyo wa kukumbuka.

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda ofisi ya simu kuuliza ile huduma ya kuonyesha namba ya anayepiga. Foleni ilifika nje. Dada wa kaunta amevaa miwani yenye mnyororo na ana kalamu tatu, hakuna hata moja inayoandika.

"Huduma ipo, mama," akasema. "Ila kwenu haipo."

"Ipo au haipo?"

"Ipo upande huu wa mji. Nyie wa ng'ambo ya reli bado mko kwenye mtambo wa zamani. Mpya unafungwa. Mwisho wa mwezi wa nne, mvua ikiwaruhusu mafundi."

Nikauliza bei, akanihesabia kwa vidole. Kuna ada ya kufungulia, inalipwa mara moja. Kuna ada ya kila mwezi, na hiyo ni robo ya bili yetu nzima. Na kwa kuwa simu yetu ni ile ya kuzungusha, haina kioo, itabidi tununue kisanduku cha kukaa pembeni yake. Kisanduku chenyewe bei yake ni godoro la mtoto la inchi nne. Mimi vitu vyote napima kwa magodoro, nisameheni.

"Na mpigaji akiificha namba yake?"

"Kisanduku kitaandika: imefichwa."

"Kwa hiyo nitalipa nijulishwe kwamba mtu hataki nimjue?"

"Eeh, mama. Bei ni ile ile." Kisha akanionea huruma, akainama. "Mbona simu ya mkononi inaonyesha bure?"

Foleni yote ikacheka. Nami nikacheka, nikatoka na fomu.

Jumatano, 26 Machi

Nimemwonyesha mzee fomu wakati wa chakula. Akavaa miwani mipya, akasoma mpaka maandishi madogo ya chini.

"Godoro zima, ujue nani kakosea namba?"

"La inchi nne tu."

"Na kila mwezi robo juu." Akaikunja fomu, akaipangusa makombo. "Haya, tuseme tumelipa. Ukishaijua hiyo namba utafanya nini?"

Nikasema, "Nitaijua." Akaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Nimeolewa na bahili. Jumapili anatoka kwenda kununua gazeti kona ya pili na anakaa saa nzima, bila shaka anasoma la muuzaji bure kwanza.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Amepiga mara tatu. Nimemwambia jirani amezaa mapacha, bomba la jikoni linavuja, nimeanza kuvaa soksi kulala. Mambo ya kipuuzi, lakini ni hayo mtu anayoyakosa akiwa mbali.

Alhamisi, 3 Aprili

Jua kali. Mapazia yamekauka hatimaye. Nimeyachukia.

Jumanne, 8 Aprili

Imenyesha mpaka mtaro umefurika hadi kizingitini. Mzee alitoka mapema kumsaidia jirani kuzibua. Simu ilipolia nilikuwa nimeshapiga moyo konde tangu jana.

Nikasema: "Nilikosea. Si kwa sababu yule kijana alikuwa mzuri au mbaya, sikumjua. Nilikosea kwa sababu ujumbe ulikuwa wako, na mimi niliufanya wangu. Nisamehe, mwanangu." Kisha nikalia, kilio kibaya cha makamasi, siwezi kukipamba.

Na hakukata! Siku zote ni muda mfupi, anakata. Leo alikaa. Nilisikia pumzi yake ikibadilika. Alikaa mpaka nikamaliza, nikajifuta kwa kitambaa cha meza, nikasema, "Haya, mvua isikunyeshee." Ndipo akakata, polepole. Hakupiga mara ya pili. Ananisikia. Ananisikia kabisa. Nimeimba siku nzima, mzee akauliza kama nimekunywa dawa ya kikohozi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimenunua sabuni. Nimefurahi bila sababu dukani.

Jumanne, 15 Aprili

Nilikuwa nasimulia habari za jino langu kwenye simu, kugeuka, mzee amesimama mlangoni. Alirudia mwavuli. Sijui alisimama hapo tangu lini. Nikaweka mkono wa simu chini, nikajitia kupangusa meza. Akatoka, na mwavuli akauacha.

Jumatatu, 21 Aprili

Hatujagombana, lakini mzee hali vizuri. Anaanza sentensi, anaimeza.

Jumatatu, 28 Aprili

Ameingia jioni amelowa, na chini ya koti ana boksi. Kisanduku! Cheupe, kina kioo kidogo cha kijani kama cha kikokotoo. "Mtambo mpya umewashwa tangu Ijumaa," akasema. "Nimelipia kufungulia, na miezi mitatu mbele." Akapiga magoti kwa shida, goti lake la kulia halipindi vizuri, akachomeka waya nyuma ya simu, akasoma maelekezo kwa sauti kama anayesoma hukumu.

"Kimekujia nini?" nikamuuliza. "Ulisema ni kutupa godoro."

"Nataka ujue."

"Nijue nini?"

"Wewe ujue tu, bibie." Hakutabasamu. Nilimshika bega, akaukamata mkono wangu akaushikilia kupita kawaida yake. Nimemwita bahili humu ndani, ukurasa wa nne. Nimeufuta mstari, ingawa bado unasomeka.

Ijumaa, 2 Mei

Namba ya kwanza kutokea: ya ofisi ya simu. Dada wa kaunta anauliza kama kisanduku kinaonyesha namba. Nikamwambia kinaonyesha yake.

Jumatatu, 5 Mei

Jua, siku ya saba. Sijawahi kuomba mvua namna hii.

Jumanne, 6 Mei

Ilianza alfajiri. Saa mbili na nusu simu ikalia, kioo kikawaka, na namba ikajitokeza yote kwa pamoja.

Sikuhitaji kuisoma. Namba ile nimeitaja kila siku kwa miaka ishirini na sita. Nimeitoa kwa wauza pamba, kwa wake wa madereva, kwa watu wenye madai ya godoro lililobonyea. Ni namba ya kiwanda.

Nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Nikapokea bila kusema neno, nikahesabu: moja, mbili, tatu. Ilipofika kumi, ikakatwa. Kumi kamili. Nikakaa sakafuni pembeni ya meza, kwa sababu najua nani aliyewafundisha watu kuhesabu mpaka kumi.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda kiwandani. Mlinzi alinifungulia kama mgeni, akaniandikisha. Mrithi wangu aliruka kutoka kwenye kiti, "Shikamoo, mama! Umetukumbuka!" Amebadilisha mto wa kiti. Vingine vyote vipo nilivyoviacha, na kadi zimebandikwa ukutani kwa mpangilio wangu.

Nikamuuliza, "Siku za mvua laini zikilowa unazijaribuje?"

"Kwa kadi, mama." Akaonyesha kwa kidole, ya chini kabisa, imekuwa njano.

Mwandiko wangu. *Kujaribu laini za nje: piga namba hii, mchana haina mtu. Hesabu mpaka kumi, sikiliza mkwaruzo, kata. Ikipokelewa usiseme kitu.* Na chini yake namba ya nyumbani kwangu.

Niliiandika mwaka binti alipolazwa na homa ya mapafu, ana miaka tisa. Niliomba ruhusa ghafla, na aliyenishikia kazi hakujua lolote. Nyumba ilikuwa tupu kweli. Mzee kazini, mimi na mtoto hospitali. Baada ya hapo sikuihitaji kadi tena, laini mbovu nilikuwa naijua kwa sikio ikifunguliwa tu. Nikaisahau. Lakini nilipokuwa namkabidhi huyu binti, nilimwambia nini? Kadi zangu zisiguswe, zifuatwe neno kwa neno.

"Ila hii, mama, nilitaka kukuuliza," akasema, akashusha sauti. "Imeandikwa haina mtu, na kuna mama anapokea. Anaongea peke yake, masikini. Mapazia, soksi, jino. Siku moja akalia, akaomba msamaha kwa mwanawe. Nikashindwa kukata. Nilihesabu mpaka nikapoteza hesabu, na bosi ananiita." Akanitazama. "Unamfahamu?"

Hakunijua. Wiki mbili nimekaa naye bega kwa bega, na sauti yangu ya nyumbani hakuitambua. Alikuwa ameijua ya kazini tu.

"Namfahamu," nikasema.

"Basi mwambie pole. Mwambie huyo anayemtafuta hayupo kwenye laini hii."

Hayupo. Neno langu lile lile, nimerudishiwa kwa upole. Nikaibandua kadi, nikamwambia awe anapiga namba ya kuulizia saa, ile inayojibiwa na mashine. Sikumlaumu kwa lolote. Getini nikaitia kadi kwenye pochi.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Simu haikulia.

Jumapili, 11 Mei

Mzee alirudi na gazeti saa nne kasoro, baada ya saa yake nzima. Nilikuwa nimekaa sebuleni, mikono mapajani.

"Ni kiwandani walikuwa wanapiga," nikamwambia. "Wanajaribu laini. Haikuwa yeye hata siku moja."

Akaketi. "Najua haikuwa yeye."

"Umejuaje?"

Akalikunja gazeti. Ndipo nikauliza lile ambalo miaka sita sijaliuliza: "Mwanangu yuko wapi?"

Mzee wangu akavua miwani. Sijamwona akilia tangu msiba wa mama yake. Akatoa simu mfukoni, akaishika kwa mikono miwili. "Kila Jumapili naongea naye, pale kona. Yuko salama. Hakumpata yule fundi, lakini yuko salama, anafundisha watoto hesabu. Namba yake ninayo. Aliniapisha nisikupe mpaka siku utakayouliza mwenyewe. Miaka sita, bibie. Hukuuliza."

"Ukaniacha nizungumze na ukuta!"

"Nilipokusikia siku ile ya mwavuli, nilimuuliza kama ni yeye anayepiga. Akasema hapana. Ningekwambiaje sio yeye bila kukwambia nimejuaje? Mimi nimefungwa mdomo. Nikaona kisanduku hakijaapishwa."

Nilimkasirikia kwa muda wa dakika moja hivi. Dakika nzima, na nilistahili kuwa nayo. Kisha nikamwona alivyo: mtu aliyebeba pande zote mbili kwenye mfuko wa shati, na mimi nikimwita mgumu.

Akaninyooshea simu yake. "Tumia hii. Hii anaipokea upesi."

"Hapana. Akiona namba yako atajua ni wewe. Nitampigia kwa ya nyumbani. Simu yake inaonyesha anayepiga?"

"Inaonyesha."

"Kwa bei gani?"

"Bure," akasema, na tukacheka wote wawili, kicheko cha kukabwa na machozi.

Akanisomea namba, nikazungusha moja moja. Ile simu ni ya polepole, ina muda wa kumfanya mtu aghairi mara kumi. Ikaita. Nikawaza inavyotokea huko kwenye kioo chake, namba ile ya wimbo. Ikaita mara ya nne, ya tano, ya sita. Akiitazama. Mzee alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Ikapokelewa. Kimya.

Nikahesabu, sikuweza kujizuia. Moja, mbili, tatu. Safari hii nilikitambua kimya chenyewe, na nikajua nilivyojidanganya msimu mzima. Nane, tisa, kumi. Hakukata. Kumi na moja.

"Ni mama," nikasema, kwa sauti ambayo si ya kazini. "Nilisema hayupo. Na ulikuwepo."

Akavuta pumzi.

"Najua ni wewe, mama," akasema. "Niliiona namba kabla sijapokea."